Fomu Inayorudi Kimya

Kosa linalopiga kelele halikumpa Karwirwa shida. Ukurasa ukivunjika na kumwaga maneno mekundu toka juu hadi chini, yeye huagiza chai, akasoma mstari baada ya mstari mpaka akapata penye tatizo. Kilichomnyima raha ni kitu kinachokataa bila kusema. Watu wa namna hiyo pia hakuwapenda, na tangu Jumamosi alikuwa na hakika kwamba amekaa chumba kimoja na mmoja wao.

Fomu yenyewe ilikuwa ya basari. Chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa wanachama, na mwaka huu kilitaka maombi yote yapitie mtandaoni. Kazi wakapewa Karwirwa na mwenzake Bundi, waliokuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo pale Nkubu. Bundi alitengeneza templeti, yaani sura ya kurasa, kila kitu ambacho mwombaji anakiona. Karwirwa aliandika msimbo wa nyuma kwa lugha ya PHP, ule unaopokea majibu na kuyakagua. Swali lisipojibiwa, ukaguzi wa Karwirwa unatoa ujumbe, na templeti ya Bundi inauonyesha kwa rangi nyekundu chini ya swali lenyewe. Mpango ulikuwa rahisi hivyo.

Jumanne, siku ya mwisho ya maombi, Winfred akapiga simu. Huyu alikuwa katibu wa mfuko, mama mwenye sauti ya upole hata akiwa amekasirika.

"Karwirwa, hiyo form yenu inarudisha watu," akasema. "Mtu anajaza, anafinya Tuma, inarudi tu vile ilikuwa. Haisemi amekosea wapi."

"Ni wote, madam?"

"Si wote. Wengine wanaingia sawa. Wale wa upande wa Ruiri ndio wanalia sana. Na tayari wanasema ni mwenyekiti hataki watoto wao. Ikifika jioni bila wao kuingia, hao watoto wamekosa mwaka mzima, na sisi tutaitwa wezi."

Karwirwa akakata simu, akafungua fomu. Akajaza kama alivyozoea kujaribu fomu zote alizowahi kuandika: jina lake, shule yake ya zamani, analelewa na wazazi wote wawili, baba ni mwalimu Gitobu, mama ni fulani. Akabonyeza Tuma. Ikaingia. Akajaza tena, safari hii akaacha nafasi ya jina la baba wazi kwa makusudi. Ujumbe mwekundu ukatokea mahali pake, wenye adabu zake zote. Fomu ilikuwa nzima kama yai.

"Bundi, wewe umejaribu hii form leo?"

"Kwangu inaingia," Bundi akajibu bila kuinua macho. Halafu simu yake ikalia, akaitazama, akatoka nje haraka. Pale kwenye ngazi akaongea Kimeru kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemtuliza mwenzake.

Hiyo ilikuwa mara ya ngapi sasa? Karwirwa alikuwa ameacha kuhesabu. Wiki nzima ilikuwa hivyo, simu ikilia Bundi yuko ngazini. Na isingekuwa kitu, kila mtu ana mambo yake, lau si ile Jumamosi. Jumamosi Karwirwa alipitia hoteli ya pale sokoni kununua chapati, akamkuta Bundi meza ya kona pamoja na Murungi, mwenyekiti wa mfuko. Walikuwa wameinamiana vichwa. Murungi alipomwona Karwirwa aliegemea kiti, akauliza habari za mvua. Watu wawili wazima hawaachi mazungumzo yao ghafla ili wazungumzie mvua.

Akafungua kumbukumbu za mabadiliko, mahali ambapo kila anayegusa faili huacha jina lake na maelezo mafupi ya alichofanya. Templeti ya fomu ilikuwa imeguswa Jumamosi jioni. Jina: Bundi. Mahali pa maelezo palikuwa na nukta moja.

Karwirwa akaiangalia hiyo nukta mpaka damu ikamchemka. Mtu ambaye huandika maelezo marefu hata akibadilisha rangi ya kitufe, leo anaweka nukta. Akaongeza mstari mmoja kwenye PHP yake ili ukaguzi uandike kando kila ombi unalolikataa na sababu yake, akasubiri. Haikuchukua muda. La kwanza likaanguka, la pili, la tatu, na yote kwa sababu moja: jina la baba halipo. Akatazama waliojaza. Wote walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa wa Ruiri.

Basi akayajumlisha yote jinsi mtu mwenye hasira anavyojumlisha. Mwenyekiti hawataki watu wa Ruiri, mwenyekiti anakunywa chai na Bundi, Bundi anagusa templeti kisirisiri, na watu wa Ruiri wanarudishwa bila kuambiwa neno. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza zaidi? Akampigia Winfred.

"Madam, kuna mtu amegusa hiyo form."

"Nani?"

Karwirwa akatazama mlango. Ngazini hapakuwa na sauti tena, Bundi alikuwa ameteremka barabarani. "Ni Bundi," akasema. "Hakuniambia. Ninamfungia sasa hivi."

Akamfungia kweli, akamwondoa kwenye seva, mashine inayobeba fomu, kwa amri moja fupi. Moyoni alijisikia mwenye haki, raha ambayo haikai.

Ndipo akafungua templeti yenyewe kuona ujanja ulivyofanywa. Alitegemea kukuta kitu kimefichwa vizuri. Badala yake akakuta mistari iliyo wazi kabisa. Ukurasa wa kwanza ulimuuliza mwombaji mtoto analelewa na nani. Akijibu "wazazi wote," ukurasa wa pili unaonyesha nafasi ya jina la baba. Akijibu "mama pekee," nafasi hiyo haionyeshwi. Na ule ujumbe mwekundu ulikuwa ndani ya fungu lilelile la msimbo, kwa hiyo nafasi ikifichwa, ujumbe nao unafichwa.

Akarudi kwenye fomu. Kwa mara ya kwanza tangu waianze kazi hii, akachagua "mama pekee." Akajaza kila alichoulizwa, akabonyeza Tuma. Ukurasa ukarudi vilevile, safi, bila doa jekundu hata moja.

Sharti lililokuwa likiwakataa halikuandikwa na Bundi. Lilikuwa kwenye faili lake yeye, kwa mkono wake: jina la baba, lazima. Ukaguzi ulikuwa ukidai jibu la swali ambalo hakuna aliyeulizwa. Katika majaribio yake yote, siku zote hizo, haikumjia kwamba kuna mtoto asiye na mwalimu Gitobu wa kuandika.

Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa urahisi. Kwa nini Bundi alificha hiyo nafasi bila kumwambia? Akachukua namba ya simu kwenye ombi moja lililokataliwa, akapiga. Akapokea mama aitwaye Gladwell, wa Ruiri, mama yake Kajuju aliyekuwa akiombewa basari.

"Mama Kajuju, ni wa ofisi ya form. Pole kwa usumbufu. Hapo kwa jina la baba, nani alikuambia usijaze?"

"Si ni kijana wenu Bundi? Tumempigia mpaka nikaona tunamchosha. Alisema mwaka huu hakuna kuulizwa."

"Kwani mwaka jana kulikuwaje?"

"Mimi nilizalia nyumbani, sikuolewa. Mtoto ni wa boma la baba yangu, na hata shuleni anaitwa jina la mzee. Sasa mwaka jana kwa karatasi nikaandika mzee ndiye baba, kama vile sisi wote huandika. Dada yangu naye akaandika mzee. Committee ikasema ni udanganyifu, mzee wa miaka themanini hawezi kuwa na watoto wawili Form One. Wakatukata wote. Waliita jina la baba yangu mbele ya mkutano, watu wakacheka."

"Na Bundi alijuaje hayo?"

"Alikuwa hapo. Yeye hakucheka."

Karwirwa akaona aibu, aibu ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Akamwomba Gladwell asiondoke kwenye simu. Akaandika sharti upya: jina la baba ni lazima kwa aliyesema "wazazi wote" tu. Kisha akautoa ujumbe mwekundu ndani ya lile fungu, akauweka juu kabisa ya ukurasa, ili fomu isiweze tena kumkataa mtu kimya. Kwenye maelezo ya mabadiliko akaandika sentensi nzima na jina lake.

"Hebu tuma sasa."

Gladwell akatuma, kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu ambaye bado haamini. "Imesema imepokea."

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Karwirwa alikuwa akiwatazama wakiingia Winfred alipopiga tena, na wakati huohuo mlango ukafunguka, Bundi akaingia, akaketi, akafungua kompyuta yake.

"Nimeongea na mwenyekiti," Winfred akasema. "Amefurahi sana tumejua. Kumbe huyo kijana alimfuata Jumamosi, anambembeleza jina la baba litolewe, na mwenyekiti akakataa. Sasa ameona kijana alitoa tu kwa nguvu. Ameshaambia committee yote. Anasema Bundi asiguse kazi yetu tena, na jina la baba lirudishwe kwa kila mtu kabla ya jioni."

Karwirwa akamtazama Bundi. Alikuwa ameandika nenosiri lake, akakataliwa, akaliandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Halafu akaacha. Chumba kilikuwa kidogo, na simu ya Karwirwa ilikuwa ya kupaza sauti. Bundi alikuwa amesikia.

"Madam, mwambie mwenyekiti form itabaki hivi," Karwirwa akasema. "Sharti la kukataa watu lilikuwa langu, na aliyelitoa leo ni mimi. Jina langu limeandikwa hapo. Akitaka kufukuza mtu, anifukuze mimi."

"Na asubuhi ulisema ni Bundi."

"Asubuhi nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu."

"Sasa mimi nitafanya nini na hayo, Karwirwa? Jina la huyo kijana limeshazunguka." Winfred akashusha pumzi. "Acha watu waingie. Nitaongea na mwenyekiti nikiweza."

Simu ikakatika. Karwirwa akamrudisha Bundi kwenye seva, amri moja fupi kama ile ya kwanza.

"Nimekufungulia," akasema.

Bundi akaingia. Akasoma mabadiliko mapya toka mwanzo hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Hakugusa kitu.

"Uliweka nukta," Karwirwa akasema. Alijua haifai, lakini akasema. "Ungeniambia, ningetoa sharti siku hiyohiyo."

"Ningekuambia nini? Kwamba hata mimi, kwa jina la baba huwa naandika la babu?" Aliendelea kutazama kioo. "Nilijua nimekosea kutokuambia. Nilikuwa najipanga nitakuambiaje." Halafu akageuka. "Hii kitu uliiwaza juu yangu tangu lini?"

Angeweza kusema leo asubuhi. Bundi angeamini, au angejifanya anaamini, na wangeendelea na kazi.

"Tangu Jumamosi."

Bundi akatikisa kichwa taratibu, akaanza kukunja waya wa kompyuta yake.

"Jumapili ulikula kwetu," akasema. "Mama alikuchinjia kuku."