Korongo Lililobaki Jeupe

Ramani nzima ilikuwa imeshapakwa rangi, isipokuwa korongo moja lililobaki jeupe. Hapo ndipo mume wa mwanamke aliyekuwa akiichora alipoteleza mwaka uliopita, akaanguka hadi chini, akafa. Wote wawili walikuwa wanajiolojia, na ile milima ya jangwani walikuwa wakiichora pamoja tangu enzi za uchumba. Ofisini walitaka kumtuma mtu mwingine akamalizie. Mjane akakataa katakata.

Dereva, ambaye kwa mwendo wake wa kinyonga walimpachika jina la Taratibu, alisimamisha gari mdomoni mwa korongo.

"Shemeji, nikusindikize?"

"Baki na gari. Likikuzoea labda siku moja litakimbia."

Taratibu alicheka, kisha akageuka upande asionekane macho.

Mjane akapanda peke yake. Chini kulikuwa na lava nyeusi iliyoganda, ngumu, ukiigonga kwa nyundo inalia kama kengele. Juu yake lilitandaa tabaka la majivu ya volkano, la rangi ya manjano iliyochujuka. Kwa macho ni mwamba kamili. Alipokanyaga ukingoni likamomonyoka, akarudi nyuma. Kumbe ni hapa. Alikaa kitako akalia. Halafu akajifuta uso, akapima unene wa lile tabaka, akaandika: *majivu yaliyoshikana, laini, hayabebi uzito.*

Waliporejea mjini alipitia kwa mama mkwe kabla ya kwenda kwake. Mama mkwe alikuwa jikoni anaosha vyombo. Hata pole ya safari hakutoa.

"Mwanangu, nieleze. Pakoje?"

Akamtandazia ramani mezani, korongo sasa limepakwa rangi. Mama mkwe alikausha mikono kwenye gauni, akafuata kwa kidole lava nyeusi, akapanda nayo polepole mpaka kwenye manjano.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

"Pana kivuli?"

"Asubuhi hapana. Mchana genge la korongo linakitupa chini."

"Na yeye alianguka mchana."

"Ndiyo, mama. Mchana."

Tangu msiba mama mkwe hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu. Watu walimsifu ana moyo wa chuma. Sasa kidole kilibaki palepale na machozi yakamtiririka. Mkwewe alimshika mabega, naye akalia upya. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.