Nyekundu kwenye Ramani

Maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, na Mama Pacha, fundi cherehani, alisimama katikati ya chumba cha jirani yake akiipiga picha alama ya tope ukutani. Ilikuwa juu zaidi ya kitanda. Godoro lilikuwa limepandishwa juu ya kabati, na juu ya godoro kuku walitulia kama wageni waalikwa.

"Na hii picha inakwenda wapi?" aliuliza jirani, mjane muuza mkaa.

"Ofisi ya jiji, dada. Wao wana picha za setilaiti, wanaona mabati tu. Sisi tunawaonyesha maji yanapopita, watuchimbie mtaro."

"Haya. Kwa vile ni wewe."

Kwa vile ni yeye, kila mlango ulifunguliwa. Watu walimwonyesha nyufa, vyoo vilivyofurika, vichochoro walivyokimbilia. Na wote, hata wasiosalimiana, walinyoosha kidole upande mmoja: ukuta wa ghala jipya, uliojengwa juu ya kijito na kuyarudisha maji kwao. Mama Pacha akauchora kwenye ramani ya simu yake, mrefu kama ulivyo.

Kiangazi kikakaribia kuisha bila jembe kugusa ardhi. Kisha wakaitwa mkutanoni. Afisa wa mipango miji akawasha mashine, na mtaa wao ukatokea kwenye kitambaa cheupe, wote mwekundu.

"Eneo hatarishi," alisema kwa upole. "Ninyi wenyewe mmethibitisha. Hatuwezi kuwaacha mfe maji. Mtahama kabla ya mvua."

"Tuhamie wapi?" mtu alipaza sauti.

"Hilo linashughulikiwa."

Mama Pacha aliutafuta ukuta. Penye ghala palikuwa peupe. Akasimama.

"Mheshimiwa, ukuta niliuchora mimi mwenyewe."

"Mama, ramani hii ni ya hatari. Ukuta ule una kibali."

Kicheko kikavu kilipita ukumbini, kikakatika. Watu walimgeukia yeye, si afisa.

"Tulikufungulia milango," mjane alisema taratibu.

Tangu hapo hakuna aliyempelekea hata suruali ya kupunguza.

Tingatinga lilifika asubuhi yenye mawingu mazito. Dereva hakuuliza mtu njia. Vichochoro vyote vilikuwemo kwenye simu yake. Kufikia adhuhuri chumba cha mjane kilikuwa kifusi, na cha Mama Pacha kikafuata. Mvua ikaanza. Maji yakateremka, yakagonga ukuta wa ghala, yakageuka, yakawarudia wanawake waliokalia masanduku yao.

Simu ya Mama Pacha ikalia. Alikuwa afisa.

"Mama, kazi yako imesifiwa sana huku. Mtaa wa ng'ambo nao unahitaji ramani. Sisi hawatuamini, lakini wakikuona wewe..."

Mjane alikuwa ubavuni pake, akisikia kila neno. Alimkazia macho mdomoni, akingoja.

"Haloo? Mama, upo?"

Maji yalikuwa yamewafika vifundoni.