Mkwe Kilimani

Watu wa vijiji vya juu ya Kambu walipanda kilima wakifuata kuni, mbuzi aliyepotea, au asali. Muthoki alipanda kwa sababu alipenda, na jambo hilo liliwasumbua majirani kuliko kama angekuwa mlevi. Kila Jumapili baada ya ibada alishiba isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa jana yake, akatwaa kiondo anachosuka, akapanda mdogo mdogo huku vidole vikisokota kamba. Kileleni aliketi juu ya mwamba akatazama upande huu milima ya Chyulu, na upande ule malori ya barabara ya Mombasa, madogo kama siafu.

"Mjane hana kazi," walisema wanawake mtoni wakichota maji. "Anaenda kuwapungia madereva mkono."

Wacha waseme. Wiki nzima Muthoki alikuwa wa shamba, wa mbuzi na wa kanisa. Jumapili mchana alikuwa wake mwenyewe.

Halafu mwaka ule wa sabini na nne binti yake Mbinya akaolewa na mwalimu Mutie, naye Mutie, ungedhani ametumwa, akaanzisha matembezi ya vijana wa kanisa. Siku gani? Jumapili. Wapi? Pale pale.

Kwingine hilo si neno. Lakini Ukambani mama na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Ndiyo nthoni hiyo. Wakionana njiani, mmoja huacha njia na kugeuka. La kuambiana hupitia kwa mtu wa tatu. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba aliyeokoka hana haja na mambo hayo. Muthoki aliitikia amina, kisha nje ya kanisa akamwambia jirani yake Kasyoka, "Mimi nimeokoka dhambi. Nthoni sijaokoka."

Basi Jumapili tatu alibaki nyumbani akikitazama kilima chake kama mtu anayeona mgeni akila kwenye sahani yake. Kasyoka, ambaye nyumba yake haikukosa wageni wala habari, alikuja kumpa pole kwa namna yake.

"Mama Mbinya, nasikia mkwe wako anakaa kwenye mwamba wako. Vijana wanasema pamebonyea kama kiti."

"Wacha maneno, Kasyoka."

"Si yangu, nimeletewa. Wanasema yeye kile kiti kinampwaya."

Muthoki alicheka bila kutaka, na cheko lilipoisha alikuwa ameamua. Jumapili ya nne alitoka kanisani kabla ya matangazo, akakusudia kupanda na kushuka kabla vijana hawajamaliza kula. Angefaulu, lakini alimchukua Kasyoka, na Kasyoka alikuwa na habari ya harusi moja ya Matiliku ambayo haikuwa na mwisho. Waliposhuka hadi pale njia inapobanwa na jabali, walisikia nyimbo zikipanda.

Mutie alikuwa mbele. Alipokata kona aliona pindo la leso ya mama mkwe, na kwa kuwa alilelewa vizuri, hakungoja aone zaidi. Aliruka kando ya njia, moja kwa moja ndani ya kichaka cha miiba ya ndoano, ile inayokushika nguo ukiingia na kukushika zaidi ukitaka kutoka. Vijana wakanyamaza. Muthoki aligeuka akalitazama jabali. Njia ilikuwa wazi sasa, angeweza kwenda zake. Ila alisikia shati likichanika, na shati lile lilishonwa na Mbinya.

"Kasyoka, mwambie mwalimu asivute."

Kasyoka alikuwa hatua tatu kutoka kwa huyu na hatua tatu kutoka kwa yule. Alisafisha koo kama karani wa chifu. "Mwalimu, mama anasema usivute."

"Nimesikia," kichaka kikajibu, kikimwita mama kwa Kikamba. "Mwambie mwaitu, nisipovuta nitatoka vipi?"

"Anauliza atatoka vipi. Tena anasema hii yote ni makosa ya kilima."

"Sijasema hivyo."

"Anasema hajasema."

"Mwambie kwanza aingie ndani zaidi, taratibu," alisema Muthoki. "Miiba hii inashika anayekimbia."

"Anasema uingie ndani ukae. Umeshafika, karibu."

Mutie alirudi nyuma kidogo, na kweli, mwiba mmoja baada ya mwingine ukaachia. Muthoki akapitisha kwa nyuma kisu chake kidogo cha kukatia kamba. Kasyoka akakifikisha, na mwalimu akakata tawi la mwisho. Akatoka na mkono mmoja wa shati, akasimama akiangalia bondeni.

Muthoki aliona asiposema leo hatasema tena. "Mwambie mwalimu kilima hiki ni kikubwa."

"Mwalimu, anasema umemnyang'anya kilima."

"Mimi nimesema ni kikubwa."

"Ni yale yale. Nimefupisha."

Mutie aling'oa mwiba kwenye kiwiko. "Mwambie mwaitu sikujua. Mbinya aliniambia mama yake ameacha kuja kwa sababu ya magoti. Na mwambie kwetu Ikutha, upande wetu, ni tambarare tupu. Hapa napenda tu kuona mbali."

Mara hii Kasyoka hakuongeza kitu. Muthoki alilikuna jabali kwa ukucha. Mtu anayependa kuona mbali humfukuzi hivi hivi.

"Mwambie kuna njia ya mbuzi upande wa Chyulu," alisema mwishoni. "Apandie huko na vijana wake. Kileleni kuna jiwe kubwa kama nyumba. Wao wakae upande wao, mimi nikae upande wangu. Na magoti yangu ni mazima."

Ikawa hivyo. Kijijini walisema kilima kimejengwa ukuta kama nyumba ya wazungu. Kasyoka alipewa kazi ya kukaa kwenye pembe ya jiwe na kupeleka maneno, kazi ambayo angekuwa radhi hata kuilipia.

Jumapili moja ya Novemba upepo ukamlaza Kasyoka mdomo wazi. Muthoki akaona mvua ikivuka barabara, nyeupe, inakuja mbio, na vijana upande wa pili hawawezi kuiona. Alimtazama Kasyoka. Akalitazama jiwe.

"Wewe jiwe," alisema kwa sauti, "mwambie mwalimu mvua inakuja, ashushe watoto."

Upande wa pili vijana walianza kuitana washuke. Kisha: "Jiwe, mwambie mwaitu asante. Na umuulize, huyo jirani yake aamshwe?"

Muthoki alifunga kiondo chake, akafikiri.

"Jiwe, mwambie aachwe alowe kidogo. Atapata habari ya wiki nzima."