Mgeni wa Mara ya Kwanza

"Dhahabu yote uivue," Restituta alimwambia msichana aliyesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. "Ikishika joto la humu itakuunguza, hata kama ni ya mahari."

Msichana alikuwa anaolewa Alhamisi. Alivua bangili moja moja, polepole, kama anayengoja kuambiwa basi, inatosha.

"Simu itie kwenye mfuko huu. Usiseme unataka kutazama saa tu, saa iko ukutani. Usikae popote bila taulo yako chini. Ukitaka kubaki na nguo ya ndani, baki nayo. Ukitaka kuvua, vua. Wapo wa hivi na wapo wa vile, wala hakuna anayeuliza. Ukisema na mtu, mtazame usoni. Usiwatazame watu kama unachagua samaki."

Msichana akacheka. Wote hucheka hapo.

"La mwisho. Utakayemuona humu, hukumuona."

Aliyasema hayo kwa Kiarabu chake cha kazini, ambamo mambo yote hutokea leo na sasa hivi. Hakuna aliyemfundisha maneno yale. Aliyaokota kwenye makosa ya watu kwa miaka mitano: yule aliyenyoa asubuhi ile ile, akapiga ukelele sabuni nyeusi ilipomgusa, yule aliyekuja na njaa, akaanguka mlangoni. Hamamu, nyumba ya kuogea kwa mvuke, ilikuwa ya wanawake watupu, katika hoteli moja iliyo mlimani juu ya Matrah, Maskati, na mtu akishavuka mlango wa pili alikuwa huru kubaki kama alivyozaliwa. Restituta peke yake ndiye aliyebaki na sare ya kijivu, vifungo mpaka shingoni. Mahali ambapo kila mtu amevua, aliyevaa haonekani. Waliongea mbele yake kuhusu waume zao, wakwe zao na uvimbe wao, kisha wakavaa abaya zao na kuondoka bila kumuaga.

Ilikuwa saa nne na robo, Jumanne. Alitazama mlango tena. Bi Kheiria hakuwa mtu wa kuchelewa.

Bi Kheiria alikuja mara ya kwanza miaka mitatu nyuma, hajamaliza mwaka tangu atoke eda. Alisikiliza maelezo yote kwa Kiarabu, akatikisa kichwa panapotakiwa, kisha akageukia ukuta na kujisemea, "Ama uzee nao una vituko." Restituta alidondosha taulo.

"Bibi, unajua Kiswahili?"

"Kwani ulidhani mie nimezaliwa wapi? Mkunazini, Unguja. Haya geuka huko, nnavua."

Tangu siku hiyo Restituta alikuwa na mtu Maskati. Tusirembe: hakuwa na mwingine. Nyuma ya hoteli alilala chumba kimoja na wanawake wa nchi tatu, watu wema, ambao alicheka nao kwa ishara. Kiswahili alikisema kwenye simu, na watu wa kwao Muleba, lakini simu haiwezi kukupiga bega ikicheka. Bi Kheiria aliweza. Jumanne moja alimtaka amfundishe kuelea kwenye bwawa la maji baridi, na umri wake wakati huo ulikuwa miaka sitini na sita.

"Wanangu wakijua nnalala juu ya maji kama dagaa, watanifungia chumbani," alisema. "Niapie hayatoki humu."

Restituta aliapa kwa Bikira Maria. Bi Kheiria akafikiri kidogo, akasema huyo hata kwao ana heshima yake kubwa, kiapo kimekubaliwa.

Aliyemwita Restituta nje asubuhi hii, Bi Kheiria bado hajatokea, alikuwa Aflah, mzee wa teksi aliyemleta Bi Kheiria kila wiki. Alisimama kwenye lango la wafanyakazi, kofia yake mkononi.

"Bibi yetu katutoka," alisema. "Jumapili alfajiri. Walikwenda kumwamsha sala, hakuamka. Alilala mzima. Leo siku ya mwisho ya kuhani msiba. Hakuna alonituma. Nimeona tu na wewe upate khabari."

Ndani, bibi harusi alikuwa anaita aambiwe afanye nini sasa. Restituta alirudi, akavaa glavu, akamsugua mgongo mpaka ukawa mwekundu vizuri. Alisugua huku analia waziwazi. Kwenye mvuke machozi ni maji tu.

Kisha akaenda kuomba ruhusa ya kutoka mapema. "Kuna msiba," alimwambia msimamizi.

"Wa ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi nani wako?"

Restituta akasema pia kichwa kinamuuma, na kwa hilo akaruhusiwa.

Aflah alimpeleka Al-Khuwair, nyumbani kwa marehemu. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Ndani wanawake wenye nguo nyeusi walikaa kuzunguka kuta, misahafu mapajani, na kahawa ilikuwa inapita. Restituta alijitanda mtandio wake mweusi, akapita kwa kila mmoja kumpa mkono. "Poleni. Poleni sana." Walimjibu kwa upole, kisha macho yao yakauliza swali lile lile la msimamizi.

"Ulijuana wapi na marehemu?" aliuliza Bi Mahbuba, mdogo wake Bi Kheiria.

"Tulikuwa tunasalimiana, bibi."

"Mungu akulipe kheri kwa kuja. Dada yangu alikuwa mtu wa haya. Mie nduguye tumbo moja, wallahi, sijui hata magoti yake yako vipi."

Restituta aliyajua magoti yale, na kovu la goti la kushoto, na alijua lilipatikana kwa kukwea mpera wa jirani. Aliinamisha kichwa. Alitamani mtu mmoja katika chumba kile amshike mkono amwambie pole, nawe umefiwa. Badala yake Bi Mahbuba, bila ubaya wowote, alimpa trei ya vikombe vitupu, maana alikuwa karibu na mlango na alikuwa anafanana na watu wanaopewa trei. Akaipokea.

Jikoni alikuwepo mwanamke peke yake, amesimama mbele ya sinki na maji yanamwagika bure. Restituta alimtambua kwa paji la uso, lile lile la mama yake. Huyu ndiye Buthaina, binti wa pekee wa Bi Kheiria.

"Pole, dada."

"Wewe unasema Kiswahili cha bara," Buthaina alisema, akafunga maji. Labda kwa kuwa Restituta alikuwa mgeni, na mgeni hana wa kumpelekea maneno, akaanza kummwagia. "Mama alikuwa mgonjwa. Alituficha. Kila Jumanne akitoka na teksi, akirudi kachoka, macho mekundu, analala mpaka laasiri. Akisema kaenda kwa shoga yake Sayyida. Jana nimemuuliza Sayyida. Hajamuona tangu Ramadhani! Alikuwa akenda hospitali, nnajua. Akenda peke yake, asitusumbue. Na mie nikimuacha aende."

Alijipiga kifua kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu.

Neno moja lingemtosha. Restituta alilisikia limekaa juu ya ulimi. Lakini aliapa, na aliyemwapia ndiyo kwanza amezikwa, na ukumbini wanamsifu kwa haya zake. Tena kulikuwa na kazi: mhudumu anayetaja aliyemwona hamamuni hufungasha siku hiyo hiyo. Alivipanga vikombe kwenye sinki. Akaviosha vyote. Buthaina alikuwa bado analia.

"Jumanne ijayo, saa nne asubuhi," Restituta alisema hatimaye, bila kugeuka. "Usile ukashiba, lakini usije na njaa. Dhahabu iache nyumbani. Usinyoe siku hiyo. Kunywa maji mengi."

"Unaniambia nini?"

"Nakwambia wanayoambiwa wageni wa mara ya kwanza. Mengine si yangu. Mwambie Aflah wa teksi akupeleke alikokuwa anampeleka mama."

Akajifuta mikono kwenye gauni na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Wiki ile hakulala vizuri. Kila msimamizi alipolitaja jina lake, alijua ndiyo hiyo. Jumatatu alikunja nguo zake akazitia kwenye begi, ili kama ni kuondoka, asiondoke kwa kuhangaika.

Buthaina alikuja. Restituta alifungua mdomo kuanza maelezo yake, Buthaina akainua kiganja. "Ulishanambia." Alitoa simu, akavua viatu. Abaya hakuvua. Kwa taratibu abaya haiingii chumba cha moto, lakini Restituta alimfungulia mlango. Saa hiyo hakukuwa na mgeni mwingine. Buthaina alikaa juu ya jiwe kubwa la katikati, na jasho likaanza kumtiririka.

"Alikuwa akiumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa. Humu ndani naweza kusema. Alikuwa anakuja kusuguliwa mgongo, halafu anaingia pale." Alionyesha bwawa. "Alikuwa anaelea."

"Mama? Kwenye maji?"

"Mwezi wa kwanza niliweka mkono wangu chini ya mgongo wake. Halafu akaniambia niutoe. Akasema, 'Miaka sitini na sita nnaubeba mwili huu. Leo ndo umenibeba wenyewe.' Akacheka mpaka akanywa maji. Macho mekundu ni hayo maji, dada. Alikuwa na raha tu."

Buthaina alicheka. Kicheko kilimtoka kikubwa, kikagonga kuta, kikamrudia kilio. Alilia kwa muda mrefu, na Restituta alisimama pembeni na taulo mkononi, kama alivyofundishwa kusimama. Baadaye Buthaina alijifuta uso kwa ncha ya shela.

"Na wewe," alisema, "nani kakupa pole?"

Restituta alifikiri, kana kwamba ni swali la kuhesabu. "Hakuna."

"Ukaja kuhani, tukakupa vikombe."

"Si neno."

"Ni neno." Buthaina alimtazama usoni. "Pole, mwaya. Pole sana kwa kufiwa."

Akajivuta pembeni kidogo, abaya iliyolowa ikiburura, akapisha nafasi ya mtu mmoja, kama watu wanavyosogea mkekani msibani anapoingia wa kuchelewa. Restituta alitazama mlango. Akafungua kifungo cha shingoni, akavua ndala, akaketi. Katika miaka mitano hakuwahi kukaa pale. Jiwe lilikuwa la moto kuliko alivyokuwa anawaambia wageni.