Maji ya Magotini

Mwaka wa pili wa Uhuru, nilikuwa nikiwateremsha wageni wa hoteli kwenye maporomoko ya mto utokao Shimba, kwa mashua ya mpira. Wanagenzi walianzia chini ya daraja. Mahodari walianzia juu, kwenye majabali.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku tatu huko vilimani, tuliukuta mto umepungua, maji yako magotini.

“Leo hata wanagenzi wataanzia juu,” meneja alisema, akichekelea.

“Maji hayakuisha, bwana. Yamezuiwa na magogo huko juu.”

“Matano, unaogopa kijito?”

Nilibwaga kasia, nikapanda ukingoni. Mpumbavu yule akaliokota mwenyewe, wakaondoka watu saba, wakiimba.

Nyani waliokuwa wakinywa maji wakakimbilia mitini. Ardhi ikatetemeka. Nikapiga ukelele warudi, lakini hata mimi sikuisikia sauti yangu.