Betri ya Mlango wa Mama Nelly

Fundi Kamili alitoa bisibisi mdomoni, akauliza kutoka juu ya ngazi: "Mama Nelly, betri ya akiba tufunge au tuache? Bosi Abel kasema gharama ni yake."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Nyahanga, mjini Kahama. Mlango wenyewe ulikuwa wa gereji, wa bati la rangi ya maziwa, ule wa kupanda juu, wenye mota na rimoti mbili. Ndani kulikuwa na kirikuu, kigari cha mizigo ambacho Martina, mama yake Nelly, alikitumia kupeleka mchele sokoni. Kamili alikuja kupaka mnyororo grisi tu. Swali la betri lilikuja kwa sababu umeme wa mtaa ule una tabia ya kuondoka bila kuaga.

"Sasa ukikatika, nani anakufungulia?"

"Baba Nelly."

Kamili akaendelea na grisi yake. Baba Nelly, yaani Bujiku, alikuwa amefariki mwaka juzi, na Kamili mwenyewe alishika koleo makaburini kule Ushirombo. "Anainua kwa mkono?"

"Kwa mikono miwili."

"Basi mwambie asikaze sana upande wa kushoto. Reli imeanza kupinda, nikawa najiuliza ni nini."

"Nitamwambia. Na la betri nipe mpaka Jumamosi, fundi, nipate kulitafakari."

Martina hakuwa mtu wa kutafakari sana. Alikuwa mtu wa kushukuru. Mvua ikinyesha alishukuru, isiponyesha alishukuru kwamba mchele haukulowa. Majirani walimtania kwamba siku akiibiwa atamshukuru mwizi kwa kumwachia mlango. Lakini jambo hili alilitafakari, na sababu yake ilianzia Mwakitolyo.

Kule Bujiku alikuwa akichimba dhahabu kwenye duara la Abel. Duara ni shimo la kushuka wima, na hili lilikuwa na futi mia mbili na ushei. Hewa ya chini ilipelekwa na feni kubwa la umeme kupitia bomba la nailoni. Siku moja saa sita mchana umeme ulikatika, feni likasimama, na Bujiku alikuwa chini peke yake. Jenereta halikuwapo. Abel alikuwa ameshalifikiria mara mbili tatu, akaona si lazima.

Haki yake mtu apewe: Abel alilia msibani. Alitoa jeneza, akatoa ng'ombe wa waombolezaji. Wapo mabosi ambao hata sanda hawatoi. Na arobaini ilipopita aliuleta huo mlango, kwa maana Bujiku alizoea kusema duarani kwamba iko siku mke wake atafunguliwa gereji na mashine, asishuke kwenye gari mvua ikimnyeshea. Abel alilikumbuka neno la marehemu. Martina alimshukuru, na alimaanisha.

Siku kumi na mbili baadaye umeme ulikatika Martina akiwa ndani ya kirikuu, anabonyeza rimoti, kimya. Ndipo bati likagongwa kwa chini, mara tatu, taratibu. Martina alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Akaona ni mtu anayebisha kwa heshima, kwa Baba, na kwa Mwana, na kwa Roho Mtakatifu, naye akajibu kwa ishara ya msalaba. Mlango ukapanda, ukakwama katikati, ukapanda tena. Bujiku alikuwa amesimama pale na buti zake, kofia ya kazi kichwani, vumbi la mwamba mpaka kwenye kope. Aliushikilia mpaka gari likapita.

"Wabeja," Martina alimwambia, ndiyo asante ya Kisukuma waliyozoea kupeana. Bujiku akainamisha kichwa. Umeme uliporudi, hakuwapo.

Basi ikawa hivyo. Umeme ukikatika, mara tatu, msalaba, mlango, Bujiku. Hakusema neno, na kifua chake kilipanda na kushuka kwa haraka, jambo ambalo Martina alilihesabu kuwa uchovu wa kuinua bati. Alimpa chai. Nelly, aliyekuwa darasa la nne, alimsomea hesabu zake, naye baba mtu alimwonyesha kwa kidole pale alipokosea. Jirani Sesilia, mwuza samaki wa barafu, alikuwa akiulaani umeme kwa majina yote. Upande wa pili wa ukuta Martina alikuwa akishukuru, tena kwa sauti ya chini, asije akagombana na mtu.

Ndiyo maana swali la Kamili lilimchoma. Mlango ukifungiwa betri utajifungua wenyewe, umeme uwepo usiwepo. Na mtu asiye na kazi ya kufanya mahali, atakuja kufanya nini?

Alhamisi alikuja Raphael, aliyekuwa mshika kamba wa Bujiku kule duarani. Alileta michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, mfuko mzima, kama alivyofanya kila mwezi tangu msiba.

"Shikamoo baba," Nelly alisema.

"Marahaba, mwanangu. Shemeji, naona unazidi kunenepa."

"Ni michembe yako hiyo. Ukiacha kuleta nitapungua."

Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika. Bati likagongwa mara tatu. Martina akapeleka mkono kwenye paji la uso.

Raphael aliruka, kikombe kikamwagika. "Hewa!" alipiga kelele. "Anataka hewa! Feni liko wapi?" Akazunguka gereji nzima anatafuta feni, akisukuma magunia, kisha akasimama, akakumbuka yuko Nyahanga.

"Shemeji," alisema, "unafanya msalaba wa nini?"

Raphael akamweleza. Mtu wa chini huongea na wa juu kwa kamba. Ikivutwa mara moja, nipandishe. Mara mbili, ngoja. Mara tatu, leteni hewa. "Siku ile ilivutwa mara tatu. Ikaja tena mara tatu. Niliipokea kwa mikono hii, shemeji, na juu hatukuwa na hewa ya kupeleka. Nilipovuta mimi, ilikuja kamba tupu."

Mlango ulipanda. Bujiku na Raphael walisalimiana kwa mikono, kwa muda mrefu. Martina alikitazama kile kifua kinachopanda na kushuka, akaona aibu. Miezi yote hiyo mtu anaomba hewa, yeye anamjibu amina na kumpa chai ya moto!

Hakulia, hakukuwa na nafasi. Alifungua madirisha yote, akachukua ungo wa kupepetea mchele, akaanza kumpepea. Alipepea kama anayetoa pumba kwenye gunia zima, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, Raphael akampokea, Nelly naye akapepea kwa daftari. Baada ya kitambo Bujiku alivuta pumzi moja ndefu ikafika mwisho. Akafumba macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afe, akasema, "Wabeja."

Martina alifurahi mpaka akasahau kumwambia habari ya reli.

Jumamosi Abel alikuja mwenyewe na betri ndani ya boksi lake. Martina alimkaribisha kiti, akampa soda.

"Bosi, asante sana. Lakini betri hii mlango wangu hauihitaji. Ipeleke duarani, ifungwe kwenye feni."

Abel alicheka kwa upole. "Shemeji, betri ya mlango haiwezi feni la duara."

"Basi peleka inayoweza."

"Kule siku hizi umeme hausumbui. Ila umesema neno zuri, nitaliangalia." Alimaliza soda, akachukua boksi lake. Kamili aliifunga betri ile kwenye gereji ya Abel mwenyewe, nyumbani kwake Kambarage, mjini Shinyanga, na alikuja kusimulia kwamba inafanya kazi vizuri mno.

Mwezi ulipofika Raphael alileta michembe. Alisema kamba sasa anashika Adam, yeye amehamishiwa chini.

"Usishuke, shemeji," Martina alimwambia. "Unajua unachokijua."

"Nikiacha mimi atashuka Adam. Na Adam ndiyo kwanza kaoa." Akaaga, akamshukuru kwa chai.

Jumatano iliyofuata, saa tisa alasiri, umeme ulikatika Kahama na Mwakitolyo kwa pamoja. Martina alikuwa tayari na ungo. Bati likagongwa mara tatu, kisha, upande wa kushoto, mara tatu tena. Mlango ukapanda moja kwa moja bila kukwama. Kulia alikuwa Bujiku. Kushoto alikuwa Raphael, vumbi mpaka kwenye kope. Simu ya Adam iliingia chai ikiwa bado haijachemka, lakini hapo Martina alishajua.

"Karibuni," alisema. "Wabeja." Akamtuma Nelly kwa Sesilia kuazima ungo wa pili.

Abel alilia msibani. Alitoa jeneza na ng'ombe. Arobaini ilipopita alimtangazia Anisia, mjane wa Raphael, kwamba atamfungia mlango kama wa Mama Nelly. Anisia hakuwa na gari, alikuwa na kibanda cha duka, basi mlango utafungwa hapo. Mara hii, alisema Abel, na betri humo humo, bure, maana mtu hujifunza.

Martina alikwenda kwa Anisia siku hiyohiyo, ungo mpya kwapani. Walisalimiana, wakalia kidogo.

"Mlango pokea, ushukuru," Martina alimwambia, akimpa ungo. "Betri kataa."