Geji ya Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa ya kuziba pancha, fundi matairi alikuwa amekutana na vichwa maji wa kila aina, lakini hakuna aliyemtia kichefuchefu kama mume wa dada yake. Nati hajui inafunguliwa upande gani, lakini mjuaji! Tangu anunue gari mwaka uliopita, alikuwa akitembea na funguo mkononi hata akienda msalani. Fundi alikuwa amempa jina la siri: Profesa.

Alhamisi alasiri Profesa alisimamisha gari mbele ya kibanda, katoka kazini, mwendo wa saa nzima juani. Alishuka, akalipiga teke tairi la mbele, akaitikia kwa kichwa kana kwamba tairi limemjibu. Kisha akachomoa mfukoni geji mpya ya kupimia upepo, inayong'aa kama bangili.

"Sikuja kukusumbua, shemeji. Nimekuja kukuonyesha kifaa. Hizi geji zenu zinadanganya watu."

"Haya, pima tuone," alisema fundi, akaendelea kuzungusha mpira kwenye karai la maji akitafuta povu.

Profesa alichutama huku suruali ikilalamika mishono. "Thelathini na sita! Umeona? Kwenye mlango wa gari wameandika upepo uwe thelathini na mbili. Juzi uliponiuzia lile tairi la nyuma, ulinijazia yote kupita kiasi."

Loo! Tairi limesugua lami saa nzima, limechemka, upepo umevimba humo ndani, geji itaacha kupanda? Hata binti yake fundi wa darasa la tatu alijua kwamba tairi hupimwa asubuhi, limepoa, gari halijatembea. Kile kibandiko cha mlangoni kinazungumzia tairi baridi. Fundi alifungua mdomo aseme hivyo, Profesa akamkata.

"Tena mimi siishii thelathini na mbili. Nashusha mpaka ishirini na nne. Jumamosi tuna safari na watoto, joto litaupandisha upepo njiani, basi nauachia nafasi. Hiyo ndiyo sayansi, shemeji. Nyinyi kazi yenu kujaza tu."

Kujaza tu! Fundi alihisi damu imempanda hadi masikioni. Huyu ndiye aliyewahi kumtambulisha kwa wafanyakazi wenzake kwa kusema, "Shemeji yangu huyu, anapulizapuliza magurudumu," wakacheka wote na vinywaji vyao mikononi.

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ukipunguza upepo tairi likiwa la moto, likipoa linabaki tepetepe. Ukilipakia watu na mizigo linajikunja ubavuni, linachemka kupita kiasi, mwisho linapasuka. Na yale mafuta unayolalamika kila siku kwamba unapunjwa kwenye pampu, unayamaliza mwenyewe kwa kuburuta matairi laini. Dakika moja ingetosha kuyasema yote.

"Sawa, mtaalamu," alisema fundi.

Upepo ukatoka, matairi manne, moja baada ya jingine, na Profesa akaondoka akipiga honi. Hajafika hata kwenye kona, fundi alikuwa ameshachutama mbele ya mchomelea vyuma wa jirani, anamwigiza shemeji yake na geji yake, na wote wawili wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Ilikuwa siku tamu sana.

Jumapili asubuhi dada yake alikuja kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji, wa kulia umemshika kitindamimba wake, ambaye alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Fundi aliangusha spana.

"Tuko hai," dada alisema kabla hajaulizwa. "Tairi la nyuma lilipasuka kwenye mteremko, gari likatushinda, likaingia mtaroni. Nimekuja kukuuliza, kaka, maana baba watoto anasema ulimuuzia tairi bovu. Nyumbani hakukaliki. Niambie kweli, lilikuwa bovu?"

"Bovu?" Fundi alipiga kofi paja lake. "Bovu ni kichwa chake! Tairi lilikuwa jipya kabisa! Alhamisi alichutama hapo hapo uliposimama, matairi ya moto, akautoa upepo kwa mkono wake mwenyewe mpaka ishirini na nne, mimi namtazama! Nikajisemea moyoni, Profesa, Jumamosi utakiona cha moto!"

Alisubiri dada yake naye achukie, wamseme pamoja yule mpumbavu. Dada alikuwa akimtazama tu.

"Ulijua tunasafiri Jumamosi?"

"Si alisema mwenyewe..."

"Na watoto, alisema?"

Fundi alitazama karai lake la maji. "Alisema."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, sawa, mtaalamu."

Kule kwake, mchomelea vyuma alizima mashine yake akajifanya anatafuta kitu chini. Mtoto alimvuta fundi suruali. "Mjomba, mimi nilikuwa nimekaa upande wa hilo tairi. Lilipiga kelele kweli."

"Yule hajui, ndiyo maana akafanya," alisema dada, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe ulijua. Nipe hiyo geji yako unifundishe, na uniambie kila kitu, usinifiche hata neno. Kuanzia leo nitapima mwenyewe kila asubuhi, maana nyinyi wawili mtaniulia watoto kwa kudharauliana."

Fundi aliitungua geji msumarini, akaifuta vumbi, akaifuta tena. Alipompa, hakuweza kumtazama usoni.